Picha za Garyo na Gari Lisilopona

Gari la Garyo lilikuwa na ustaarabu wake. Halikuzimika sokoni, wala mbele ya kanisa la Loay, mji wao, watu wakitoka misani, ambako aibu ingemaliza kazi yake mara moja. Lilichagua mahali patulivu. Lilizimika kando ya mashamba ya mpunga, maji yakiwa yamejaa na mawingu yamelala ndani yake. Lilizimika juu ya kilima kinachoutazama mto wa Loboc, na siku nyingine mbele ya shule iliyofungwa kwa likizo, mbuzi wawili wakiwa wamejinyoosha barazani. Likishazimika lilitaka kuachwa lipumzike, nusu saa hivi, kisha likawaka bila kubembelezwa na kunguruma vizuri kabisa, hata mtu ambaye hakuwepo angeapa kwamba mzee na mkewe wanalisingizia.

Poning, mkewe, alizipenda hizo nusu saa. Hakumwambia mtu, maana atakayesikia mwanamke anafurahi gari jipya linapokufa njiani atadhani ana kichaa. Lakini kwa zaidi ya miaka ishirini mume wake alikuwa mtu wa melini, kazi yake kupaka mafuta mitambo katika chumba cha injini. Alikuwa akija nyumbani mwezi mmoja au miwili, anaziba paa, anasalimia ndugu, anaondoka. Sasa amestaafu, yuko hapa, kiti cha pili, na hawezi kwenda popote kwa sababu gari limegoma. Basi Poning hushusha kioo, hutoa wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya mgomba, wakala polepole bila haraka ya mtu. Upepo hupita juu ya mpunga. Macho yake huanza kuwa mazito, na katika usingizi ule mwepesi huiona meli ya mumewe.

Meli hiyo aliijua vizuri ingawa hakuwahi kuikanyaga. Aliijenga mwenyewe kichwani miaka yote ya kungoja, kutokana na picha ambazo Garyo alikuwa akimtumia kutoka bandarini. Ilikuwa nyeupe, yenye madirisha ya mviringo na mapazia. Ilikuja taratibu katikati ya mashamba, ikipita juu ya mpunga bila kuvunja hata jani, na Garyo amesimama mbele, nywele bado nyeusi, anatabasamu, kidole gumba kimeinuliwa. Poning angeweza kukaa hapo mpaka jioni.

"Huko baharini kulikuwaje hasa?" angemuuliza, nusu yuko macho, nusu hayupo.

"Kuzuri," Garyo angejibu. "Kulikuwa sawa tu." Kisha angejaribu tena ufunguo.

Picha zenyewe zilijaa ukuta wa sebuleni, kutoka dirishani hadi kwenye sanamu ya Mtoto Yesu. Garyo kwenye theluji ya Rotterdam. Garyo na keki, Santos. Garyo Durban, Garyo Busan, Garyo mahali ambapo hakuna aliyekumbuka jina lake. Katika zote anatabasamu tabasamu lilelile na kidole gumba kiko juu. Picha ya arusi yao ilitundikwa nyuma ya mlango wa jikoni, kwa sababu Poning aliionea haya. Humo Garyo amekunja uso, mikono imenyooka mbavuni, midomo imefungwa. Basyon, dadake Garyo, hakuwahi kupita mlango ule bila kuichokoza. "Mlimwozesha mtu au mlimkamata mwizi?" angesema, na kila mwaka angecheka kana kwamba ndiyo kwanza neno hilo limemjia.

Siku walipolinunua gari hilo, jipya kabisa, rangi ya fedha, viti vya watu saba kwa ajili ya watu wawili, lilifungwa utepe mwekundu mkubwa kuliko dirisha. Kijana wa huduma kwa wateja aliyeitwa Jerwin aliwasimamisha mbele ya gari, Garyo akainua kidole gumba, picha ikapigwa. Padri akalinyunyizia maji ya baraka. Basyon, ambaye hapendi kutegemea upande mmoja tu, akachinja jogoo na kupaka damu kwenye magurudumu yote manne. Mafao yote ya Garyo yaliingia humo. Alisema miaka yake ya bahari sasa ina magurudumu, na kwamba atamzungusha Poning kisiwa kizima cha Bohol, kila mji, mpaka achoke.

Walifika mji wa tatu tu.

Mara ya kwanza gari lilipozimika walilipeleka Tagbilaran, mahali waliponunulia. Mafundi wakasema ni pampu ya mafuta, wakabadilisha. Jerwin alimkalisha Garyo kwenye kiti cha ngozi, akamletea kahawa, akamwita Nong Garyo kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa, akamsimulia habari za mama yake anayeumwa miguu kule Jagna. Wakati wa kuondoka akamuuliza kama gari limependeza. Garyo hata hakuwa ameliwasha. Akasema limependeza. Jerwin akainua simu, maana kampuni hutaka picha ya kila mteja anayetoka ameridhika, na Garyo akainua kidole gumba.

Likazimika tena wiki ileile. Safari hii ikawa kihisi cha injini. Mara ya tatu zikawa waya. Mara ya nne wakasema ni kompyuta ya gari, wakaitoa, wakaweka nyingine. Na kila mara ilikuwa kahawa, miguu ya mama Jerwin, swali, jibu, picha. Garyo alianza kumbebea mama huyo kalamay, ile tamu nzito ya nazi inayouzwa ndani ya kifuu, ingawa inatoka Jagna kwao huyo mama mwenyewe. Ni kama kumpelekea mvuvi samaki, lakini nani angemwambia.

"Unamwambiaje limependeza na hujui kama limependeza?" Poning alimuuliza wakiwa njiani kurudi, akiwa bado anacheka.

"Nikisema baya wanamkata mshahara yule mtoto. Kaniambia mwenyewe."

"Kwa hiyo sisi tukae na gari bovu ili Jerwin ale?"

"Si bovu. Linahitaji kuzoea." Akafikiri kidogo. "Hata meli mpya huwa hivyo."

Poning akaegemeza kichwa kwenye kioo na kutazama minazi inavyorudi nyuma. Hakumsukuma zaidi, na leo angekuambia kwamba hakumsukuma kwa sababu yeye naye alikuwa anafaidika. Gari likipona kabisa, nusu saa zake zitatoka wapi?

Hali iliendelea hivyo mpaka siku ya Bilar.

Huko Bilar barabara inapita ndani ya msitu wa mahogani uliopandwa na watu zamani, miti imesimama kwa mistari, majani yamekutana juu, mchana unakuwa kijani. Ukiingia humo unashusha sauti bila kuambiwa. Poning alikuwa tayari ameanza kusinzia, na meli nyeupe ilikuwa tayari inakuja kati ya mashina, wakati injini ilipokata. Haikukata mahali pazuri safari hii. Ilikata katikati ya kona.

Lori la kokoto lilitokea upande wa pili. Poning aliliona lote, hata rozari iliyoning'inia kwenye kioo chake. Breki zikalia muda mrefu. Lori likapinda, likawapita kwa upana wa mkono, likaingia mtaroni na kusimama limelala upande, kokoto zikimwagika taratibu kama mchele unaomiminwa. Dereva akatoka mzima, na maneno aliyoyatoa hayafai kuandikwa. Alimuuliza Garyo kama leseni yake aliipata kwenye pakiti ya biskuti, na hilo ndilo lililokuwa la heshima zaidi.

Garyo alishuka, akamwendea, akatabasamu. Akamwambia samahani kaka, ni kosa langu, gari halina shida. Akamsaidia kukusanya kokoto kwa mikono.

Poning alibaki kwenye kiti. Mkanda hakuufungua. Alimtazama mumewe akicheka na mtu ambaye nusura awaue, au ambaye nusura wamuue, na kwa mara ya kwanza msitu ule haukumletea ndoto yoyote. Alikuwa na hofu, na chini ya hofu alikuwa na hasira. Kesho yake akapanda basi peke yake kwenda kwa Clarita.

Clarita, mtoto wa Basyon, ni karani mahakamani Tagbilaran, msichana anayeongea haraka na kula haraka. Alimsikiliza Poning, mke wa mjomba wake ambaye humwita shangazi, huku anamaliza sahani ya tambi, kisha akafuta mdomo na kumweleza kwamba jambo hilo lina sheria yake nchini. Gari jipya likiwa na kasoro ileile, likatengenezwa mara nne na lisipone, na yote hayo yakatokea kabla ya mwaka kwisha au kabla ya kutembea kilomita elfu ishirini, mwenye gari ana haki. Awaandikie waliomuuzia, awape nafasi moja ya mwisho. Wakishindwa, aende ofisi ya serikali inayosimamia biashara, na huko wanaweza kuamriwa kumpa gari jingine au kumrudishia fedha zake, ukitoa kidogo kwa jinsi lilivyotumika.

"Mwaka unaisha lini, shangazi?"

Ulikuwa unaisha baada ya miezi miwili.

"Basi msilale. Ukipita huo, gari ni lenu, maisha. Na mwenye kusema lazima awe mjomba, kwa sababu limeandikwa jina lake. Wewe huwezi kumsemea."

Hapo ndipo mgogoro ulipokuwa, na Poning alilijua hilo kabla hajafika kituo cha basi. Miaka yote ya Garyo imo ndani ya gari lile. Ili itoke, Garyo anapaswa kumtazama mtu usoni na kumwambia: kitu mlichonipa ni kibaya. Alijaribu kukumbuka siku moja ambayo mumewe alimkatalia mtu kitu, akakosa. Ndani ya basi alipitiliza vituo viwili bila kujua.

Barua aliandika Clarita. Garyo aliisoma mara nyingi, akaiweka chini ya sanamu ya Mtoto Yesu, akaitoa, akasema ina ukali. Aliomba iongezwe sentensi ya kushukuru kwa kahawa. Aliomba iongezwe sentensi ya kumuulizia hali mama Jerwin. Clarita alisema kwenye simu, kwa sauti iliyosikika mpaka uani, kwamba hii ni barua ya madai, si kadi ya Krismasi. Mwishowe Poning alimwekea kalamu mkononi, akamwambia asimfikirie Jerwin, afikirie lile lori. Garyo akatia sahihi huku amegeuza uso pembeni.

Kampuni ikaleta mafundi wakubwa kutoka Cebu. Wakakaa na gari siku nyingi, wakalirudisha linang'aa, hata matairi yamepakwa rangi. Jerwin alikuwepo, amekonda kidogo. Akauliza swali lake, akapewa jibu lake. Picha ikapigwa, ya tano tangu matengenezo yaanze. Poning alisimama kando na mkoba wake, bado anaomba Mungu kwamba safari hii jibu hilo liwe kweli.

Lilizimika kabla hawajafika Loay, ng'ambo ya makaburi. Palikuwa pazuri kama kawaida yake. Jua lilikuwa linashuka kwenye misalaba, na mtu alikuwa anakata nyasi. Garyo aliweka mikono yote miwili juu ya usukani na kuitazama. Poning hakutoa wali wala hakushusha kioo.

Malalamiko yalipelekwa, na siku ya upatanisho waliitwa kwenye ofisi ile ya serikali asubuhi. Chumba kilikuwa kidogo, feni inazunguka na kupeperusha pembe za kalenda. Mpatanishi alikuwa mwanamke wa makamo anayeitwa Bi Abrenica, miwani imening'inia kifuani. Upande mmoja walikaa Garyo, Poning na Clarita. Upande wa pili alikaa wakili wa kampuni, kijana mpole anayenukia vizuri, na nyuma yake Jerwin, ambaye alikuwa anasoma vidole vyake.

Wakili hakumshambulia mtu. Alisema kampuni inamheshimu sana mzee, mtu aliyelitumikia taifa baharini. Kisha akaweka kishikwambi mezani, akakisukuma taratibu mpaka katikati, na humo zilikuwemo picha tano zimepangwa pamoja.

"Mheshimiwa, mafundi wanaweza kubishana mpaka jioni," alisema. "Mimi naomba mtazame tu. Kila mara gari lilipotoka, mteja aliulizwa, akasema ameridhika. Huu ni uso wa mtu aliyerudishiwa gari bovu?"

Bi Abrenica akavaa miwani. Akatazama. Lazima isemwe, Garyo alitoka vizuri kwenye picha zile.

"Nong Garyo," alisema, "nataka nikusikie wewe, sio picha. Ulipolichukua hilo gari, lilikuwa limepona?"

Garyo akamwangalia Jerwin, na Jerwin akainamisha kichwa zaidi. Tabasamu likaja lenyewe. "Walijitahidi sana, mama. Vijana wazuri wale."

"Sikuuliza hilo."

"Lilikuwa..." Akamtazama tena Jerwin. "Kwa wakati ule, lilikuwa sawa."

Clarita akafumba macho. Wakili akaanza kukusanya karatasi zake bila kelele, kwa adabu, kama mtu anayejua kwamba chakula kimeisha. Poning akasimama. Hakuwa amepanga kusimama.

"Mama, naomba niseme. Huyu ni mume wangu. Huo uso msiutegemee. Huo sio uso wa furaha, huo ni uso wake wa picha. Jino likimuuma anakaa hivyo. Lori limetaka kutuua kule Bilar, akamchekea dereva hivyohivyo. Mimi huo uso naujua, ninao nyumbani ukuta mzima, tangu..."



Feni ilizunguka. Poning alikuwa amekiinamia kishikwambi, na nyuso tano zilimtazama kutoka mezani. Lakini hazikuwa tano. Zilikuwa nyingi mno. Rotterdam ilikuwemo, na Santos, na Durban, na Busan, na mahali pasipo na jina, tabasamu lilelile, kidole kilekile. Meli nyeupe ilikuja akilini mwake kama ilivyozoea, ikiteleza kimya, na kwa mara ya kwanza Poning alitaka kuizuia. Alishika ukingo wa meza, akageuza kichwa, akamtazama mumewe kwa namna ambayo haikuhusu gari hata kidogo.

Na Garyo aliona kwamba mkewe amejua.

Tabasamu likamtoka usoni. Halikutoka kwa haraka. Lilikaa kidogo pembeni mwa mdomo, likikosa pa kwenda, kisha likaisha. Bila hilo alionekana mzee zaidi, na amechoka, na Poning alihisi anamfahamu mtu huyo kutoka mahali fulani.

"Hapana," Garyo alisema.

Bi Abrenica akamwomba arudie.

"Hapana, mama. Halikupona. Hata mara moja." Lilikuwa jibu la swali la mpatanishi, lakini macho yake yalikuwa kwa Poning. "Nilisema sawa kwa sababu nimezoea kusema sawa."

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi kuliko mtu alivyotegemea. Wakili aliomba dakika chache, akatoka na simu, akarudi. Kampuni haikutaka kusikia habari za lori la Bilar zikisemwa kwingine. Wangelichukua gari na kurudisha fedha, ukitoa ile sehemu ya matumizi inayoruhusiwa na sheria. Clarita alibishana nao kuhusu sehemu hiyo kwa furaha kubwa, mpaka ikapungua. Garyo akatia sahihi, na safari hii hakugeuza uso.

Nje, Jerwin alikuwa anasubiri kwenye kivuli cha ukuta. "Nong, nisamehe," alisema. "Ile kazi ya picha naichukia mpaka leo."

"Hamna shida, mwanangu," Garyo alijibu, kisha akasimama, kama mtu aliyejikwaa. "Shida ipo. Ila si yako. Msalimie mama."

Walirudi Loay kwa pikipiki ya abiria, ile yenye kibanda ubavuni, magoti yao yakigusana. Mto ulipita, mashamba yakapita, mpunga ulikuwa umeanza kuwa wa manjano. Poning alitazama yote hayo na hakuna meli iliyokuja. Alisikia ukiwa wa mtu aliyehama nyumba aliyoishi muda mrefu, na alipotaka kumkasirikia mtu kwa ajili ya hilo, aliyekuwepo ni huyu tu, ameshika vyuma vya kibanda ili visimgonge mkewe kichwani.

Nyumbani hakuweka hata mkoba chini. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta. Jua la alasiri lilikuwa limeingia dirishani, limeangukia vioo vya picha. Akagusa Rotterdam.

"Hii?"

Garyo alikuwa amesimama mlangoni, viatu mkononi. "Hapana," alisema. "Juu theluji, chini moto. Nilikuwa na homa wiki nzima na zamu nikafanya."

"Hii ya Durban?"

"Hapana. Siku hiyo Isko aliungua. Yule aliyepiga picha ya Busan."

"Na Santos? Na keki yote hii?"

"Keki ilikuwa ya nahodha. Mama alikuwa amezikwa jana yake."

Poning alikumbuka simu ile. Alikuwa amesimama kwenye kibanda cha simu sokoni, na sauti ya Garyo ikaja kutoka upande wa pili wa dunia ikimwambia niko sawa, Poning, mzikeni vizuri, mimi niko sawa. Na yeye alirudi nyumbani akiona kwamba ameolewa na mwanamume mwenye moyo mgumu, akalia kwa ajili ya mkwewe peke yake. Sasa alilia tena, mbele ya ukuta, kwa sauti, bila kujificha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungefanya nini? Ungekaa hapa na meli yangu kichwani."

"Nilikaa nayo hata hivyo, Garyo. Ila haikuwa yako."

Garyo aliweka viatu chini, akakaa kwenye mkeka na kuegemea ukuta, na akaanza kumwambia meli ilikuwa na rangi gani. Haikuwa nyeupe. Ilikuwa nyekundu ya kutu, na chini kwenye injini usiku na mchana vilikuwa kitu kimoja, na mtu akitaka kulia hulia huko kwa sababu kelele inafunika. Alisema taratibu, akitafuta maneno, maana hakuwahi kuyatumia. Poning alikaa karibu yake, na hakuna gari lililowaka kumkatiza.

Garyo alipomaliza, Poning aliinuka akaenda jikoni. Alisimama muda nyuma ya mlango. Kuna swali moja alikuwa amebakiwa nalo, na aliliogopa kuliko yote yale. Akaitoa picha kwenye msumari, akaifuta vumbi kwa upindo wa nguo yake, akarudi nayo na kumwekea mapajani.

"Na hii?"

Garyo aliitazama. Yule kijana aliyekunja uso alimtazama naye, mikono imenyooka, midomo imefungwa, na ubavuni mwake msichana mwenye shela anacheka.

"Mpiga picha aliniambia nitabasamu," alisema. "Aliniambia mara nyingi, mpaka akakasirika."

"Mbona hukutabasamu?"

"Nilikuwa na furaha," Garyo alisema. "Nikasahau kwamba kuna kamera."

Poning akasimama mbele ya ukuta kidogo, akichagua. Kisha akaishusha Santos na keki yake, na kwenye msumari ule akaitundika picha ya arusi.